Diski ya Nje ya Bekapu: Nini Ununue, Nini Uache

Kompyuta ya nyumbani hubeba mambo mazito kuliko bei yake: picha za harusi, vyeti vilivyoskaniwa, mkataba wa kiwanja, hesabu za duka, kazi za shule za watoto. Laptopu ikiibwa leo, kesho unaweza kununua nyingine. Picha za marehemu bibi huzinunui popote. Kinga ya bei nafuu ni diski ya nje, ile ambayo wauzaji wengi huiita eksteno. Kuichagua hakuhitaji uwe fundi. Jua tu mambo machache kabla hujatoa pesa mfukoni.

Pengine unajiuliza kwa nini usitumie wingu tu. Wingu ni zuri, ila hesabu yake ni ngumu. Google inakupa GB 15 za bure, nazo zinagawanywa kati ya barua pepe, Drive na picha. Kupandisha GB 300 kwa bando la simu kutakula pesa na siku nyingi. Diski unailipia mara moja, na siku ukitaka kurudisha faili zako huhitaji hata intaneti. Weka kwenye wingu vitu vichache vya thamani kubwa: vyeti, mikataba, picha teule. Mzigo mzima uende kwenye diski.

Pima mzigo wako kwanza

Usiende dukani bila namba. Kwenye Windows fungua This PC utazame diski C imejaa kiasi gani. Kwenye Mac nenda System Settings, kisha General, kisha Storage. Chukua nafasi iliyotumika, achana na ile iliyobaki.

Izidishe mara mbili. Programu za bekapu hazitunzi nakala moja tu. Hutunza pia matoleo ya zamani ya faili, ili ukiharibu barua muhimu Jumatatu na kugundua Ijumaa, ile ya awali uipate. Matoleo hayo yanakula nafasi. Kama umetumia GB 300, diski ya TB 1 inakutosha vizuri. Kama unapiga picha za kazi au unahariri video, anzia TB 2 au 4.

Ukiichomeka TB 1 kwenye Windows utaona GB 931. Usirudi dukani kugombana na mtu. Mtengenezaji anahesabu kwa elfu, Windows inahesabu kwa 1,024. Hujapunjwa.

Usinunue kubwa kupita kiasi kwa ajili ya baadaye. Pesa inayobaki ina kazi nyingine, na nitakuambia ipi.

HDD au SSD?

Dukani utakuta aina mbili. HDD ina sahani zinazozunguka na kichwa chembamba kinachosoma juu yake. SSD haina kitu kinachozunguka. Data inakaa kwenye chipu. SSD ina kasi kubwa na inavumilia kuanguka. HDD ni nafuu zaidi kwa kila GB.

Kwa bekapu ya nyumbani, chukua HDD. Diski itakaa kabatini muda mwingi, utaichomeka jioni, itanakili ukiwa unakula, kisha itarudi kabatini. Kasi ya SSD hapo ni anasa. Kwa bei ya SSD moja ya TB 2 mara nyingi unapata HDD mbili za ukubwa huo, na hizo mbili zitakulinda zaidi.

Chukua SSD kama diski itasafiri. Ikiwa kila siku inapanda daladala au bodaboda ndani ya begi, HDD haitadumu. Kichwa chake kinaelea karibu mno na sahani, na kishindo kimoja inapozunguka kinatosha kuikwangua.

SSD nayo usiifungie kabatini miaka mingi ukaisahau. Chipu zake hutunza data kwa chaji ya umeme, na chaji hiyo hupungua taratibu, hasa penye joto na hasa kwa SSD iliyochakaa. Ichomeke kila baada ya miezi michache.

Nunua ndogo, ile ya mfukoni

HDD za nje zina saizi mbili. Ya inchi 3.5 ni nene na huja na adapta yake ya kuchomeka ukutani. Ya inchi 2.5 inaingia mfukoni na hupata umeme kupitia waya wa USB.

Chukua ya inchi 2.5. Sababu kubwa ni umeme wetu. Umeme ukikatika katikati ya kunakili, ile nene inazima papo hapo na faili iliyokuwa inaandikwa inaweza kuharibika. Ile ndogo ikiwa kwenye laptopu inaendelea, kwa sababu laptopu ina betri. Tena hupati shida ya kutafuta adapta iliyopotea au kuungua.

Kama una kompyuta ya mezani isiyo na UPS, yaani betri ya kuishikilia umeme ukikatika, usifanye bekapu siku ya radi au siku ambayo umeme unachezacheza. Na kama fungu linaruhusu, nunua UPS ndogo. Itailinda kompyuta nzima, diski ikiwemo.

Tazama tundu na waya

Diski iwe ya USB 3. Karibu zote mpya ni hivyo, ila zilizolala stoo muda mrefu bado zipo madukani. USB 2 kwa kawaida inakupa megabaiti 30 hadi 40 kwa sekunde. HDD ndogo kwenye USB 3 inafika 100 na kitu. Kwa GB 500, hiyo ni tofauti ya saa nne na saa moja na nusu hivi. Faili zikiwa ndogondogo nyingi, zote mbili zitachelewa zaidi ya hapo.

Kwenye kompyuta, tundu la USB 3 mara nyingi lina rangi ya bluu ndani au limeandikwa SS pembeni. Diski ya USB 3 ukiichomeka kwenye tundu la USB 2 itafanya kazi, ila kwa kasi ya USB 2.

Maandishi ya kwenye boksi yasikutishe. USB 3.0, USB 3.1 Gen 1 na USB 3.2 Gen 1 ni kasi ile ile. Kwa HDD hiyo inatosha kabisa. Usilipe zaidi kwa namba kubwa.

Angalia kichwa cha waya. Diski nyingi za HDD bado hutumia kile kipana bapa kilichogawanyika sehemu mbili. Kama laptopu yako ina matundu ya USB-C pekee, nunua waya unaofaa au kiunganishi siku hiyo hiyo, usije ukafika nyumbani ukakwama.

Kwenye kompyuta ya mezani chomeka nyuma. Matundu ya mbele wakati mwingine hayatoi umeme wa kutosha, na diski isiyoshiba umeme hutoa mlio wa tiktik, huonekana na kupotea. Watu wengi wametupa diski nzima kumbe tatizo ni tundu. Kabla ya kuilaumu, badilisha tundu na waya.

Jina gani?

Watengenezaji wa HDD waliobaki duniani ni watatu tu: Seagate, Western Digital na Toshiba. Ukiona HDD ya nje yenye jina lingine, ndani yake kuna diski ya mmoja wao. LaCie, kwa mfano, ni mali ya Seagate. Kwa hiyo usilipe nyongeza kubwa kwa ajili ya nembo au kava la kupendeza.

Baina ya hao watatu, chagua yule ambaye duka lako linaweza kukubadilishia diski ikifa. Kila mmoja ana diski zilizodumu miaka kumi na zilizokufa mwezi wa pili. Duka linalopokea simu yako baada ya miezi minane ni muhimu kuliko ubishi wa nani bora.

Jambo moja ambalo wauzaji hawakuambii: kwenye diski nyingi za mfukoni tundu la USB limeunganishwa moja kwa moja na bodi ya diski yenyewe. Tundu likivunjika, huwezi kuichomoa diski ukaihamishia kwenye kava lingine. Kazi inakuwa ya fundi wa kurejesha data, na bei yake inauma. Kwa hiyo usivute waya kwa pembe, wala usiache diski ikining'inia.

Jihadhari na feki, tena sana

Hapa ndipo watu wanapolizwa. Mitandaoni, na kwenye baadhi ya meza za barabarani, kuna SSD za TB 16 au TB 30 zinazouzwa kwa bei ambayo haitoshi hata kununua HDD ya TB 1. Zote ni feki, hakuna hata moja ya kweli. Ndani kuna kadi ndogo ya kumbukumbu au chipu ya flashi, na programu yake imechezewa idanganye kompyuta kuhusu ukubwa.

Ubaya wake ni huu. Ukiichomeka, kompyuta inaonyesha TB 16. Unanakili picha, zinaingia. Nafasi ya kweli ikijaa, inaendelea kupokea huku ikifuta za zamani au ikiandika hewa. Majina ya faili yote unayaona. Siku ya kufungua ndipo unakuta hazifunguki, na kompyuta imeshakufa.

Tumia vipimo viwili vya haraka. Cha kwanza ni ukubwa. HDD za mfukoni kwa miaka mingi ziliishia TB 5, na Western Digital ikatoa ya TB 6 mwaka 2024. Anayekuuzia HDD ya mfukoni ya TB 10 anakudanganya. SSD za mfukoni za TB 8 za kweli zipo, ila bei yake inaweza kuizidi laptopu yako. Cha pili ni bei. Uliza maduka matatu. Ikiwa moja iko chini ya nusu ya mengine, ondoka.

Kipimo cha uhakika unakifanya nyumbani. Kwenye Windows tafuta programu ya bure iitwayo H2testw. Kwenye Mac na Linux kuna F3. Zinaijaza diski yote, kisha zinasoma tena kila kitu kuona kama kilichoandikwa ndicho kilichotoka. Kwa HDD ya TB 1 hesabu saa sita au zaidi, kwa hiyo iache usiku. Fanya hivyo kabla hujaweka faili yoyote, na ndani ya siku ambazo duka linakubali kurudishiwa.

Kuna udanganyifu mwingine wa kimyakimya: HDD iliyotumika miaka, ikavishwa kava jipya na boksi jipya. Pakua CrystalDiskInfo, nayo ni ya bure. Juu upande wa kulia utaona Power On Hours, yaani saa ambazo diski imewahi kuwaka. Mpya isomeke sifuri au saa chache. Mwaka mmoja una saa 8,760, basi diski "mpya" yenye saa 20,000 imeshazunguka zaidi ya miaka miwili mfululizo. Tazama pia mstari wa Reallocated Sectors Count na wa Current Pending Sector Count. Upande wa thamani ghafi pasiwe na kitu zaidi ya sifuri. Diski chache za nje hazitoi taarifa hizi; hapo tegemea H2testw.

Ukiwa Kariakoo jijini Dar es Salaam au Luthuli Avenue jijini Nairobi, beba laptopu yako. Mwambie muuzaji kwa upole, "Kaka, naomba niichomeke hapa hapa niiangalie kidogo." Muuzaji mkweli atakupa kiti. Anayekasirika umeshamjua.

Dai risiti halali, ya EFD ukiwa Tanzania au ya eTIMS ukiwa Kenya, na jina la diski pamoja na siriali namba viandikwe. Kisha ingiza siriali hiyo kwenye tovuti ya mtengenezaji. Seagate na Western Digital zote zina ukurasa wa kuangalia waranti. Ukiambiwa waranti iliisha zamani, au namba haipo, rudisha leo leo. Na ujue kwamba waranti hukupa diski nyingine. Picha zako haikurudishii.

Vitu vya kutolipia, na kimoja cha kuzingatia

Achana na taa za rangi, achana na programu za bekapu zilizowekwa ndani ya diski. Windows na Mac zina zao, na nyingine za bure zipo tele. Kava la mpira ni zuri, lakini la kununua pembeni linafanya kazi ile ile.

Zingatia usiri. Bekapu yako ina vitambulisho, taarifa za benki na picha za familia, na yeyote atakayeiokota ataisoma yote. Mac inakuuliza kama unataka kuifunga kwa nenosiri unapoiandaa, kubali. Windows Pro ina BitLocker. Windows Home inaweza kufungua diski iliyofungwa kwa BitLocker, ila kuifunga haiwezi, hivyo tumia VeraCrypt, ambayo ni ya bure. Andika nenosiri kwenye karatasi na uiweke pamoja na hati zako za nyumba. Ukilisahau, hakuna fundi atakayekusaidia.

Ukishafika nayo nyumbani

Kama nyumba nzima inatumia Windows, ifomati kwa NTFS. Kwa Mac, iachie Time Machine iiandae yenyewe. Itafuta kila kilichomo, kwa hiyo diski iwe tupu. exFAT inasomeka na kuandikika pande zote mbili, lakini ni rahisi kuharibika diski ikichomolewa ghafla, basi itumie kwa kubebea faili zaidi kuliko kwa bekapu. FAT32 iepuke kabisa. Haipokei faili moja inayofika GB 4, na video ya harusi inavuka hapo bila shida.

Kwenye Windows 10 na 11 tafuta File History ndani ya Control Panel, chagua diski yako, washa. Itachukua Documents, Pictures, Desktop na folda nyingine za kawaida. Kama unaweka vitu kwenye folda zako nje ya hizo, zihamishie humo la sivyo zitaachwa. Usiichanganye na programu ya Windows Backup iliyo kwenye Windows 11. Hiyo hupeleka mambo kwenye wingu la OneDrive, haipeleki kwenye diski yako.

Kwenye Mac fungua Time Machine, chagua diski, basi. Kwenye Ubuntu programu inaitwa Backups, ndani ni Déjà Dup. Na kama hayo yote unayaona mengi, nakili folda zako kwa mkono kila Jumapili. Bekapu ya mkono inayofanyika inaishinda ya kisasa inayosubiri kuanza.

Picha za simu usizisahau. Nyumba nyingi sasa picha zote ziko kwenye simu na WhatsApp. Zishushe kwenye kompyuta kwanza, ndipo bekapu izichukue.

Sasa sikiliza hili kwa makini, kwa sababu ndilo linalowaponza wengi. Usihamishe, nakili. Mtu ananunua diski ya nje, anahamishia picha zote humo ili kompyuta ipate nafasi, kisha anasema ana bekapu. Hana. Picha ziko mahali pamoja tu, na mahali penyewe ni kijidubwasha kinachoweza kuanguka mezani. Faili ikiwa sehemu moja pekee haina nakala, hata kama sehemu hiyo ni diski ya bei mbaya.

Ikimaliza, ichomoe. Bonyeza Eject kwanza, subiri ruhusa, ndipo uvute waya. Diski inayokaa imechomekwa siku zote inashiriki kila balaa la kompyuta. Mwezi Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilifunga faili za kompyuta katika nchi zaidi ya 150 na kudai fidia, na virusi vya aina hiyo hufunga pia diski yoyote vinayoikuta imechomekwa. Radi nayo inaweza kuiunguza pamoja na kompyuta. Mwizi naye, akichukua laptopu, atabeba na kinachoning'inia.

Ile pesa iliyobaki

Nilikuambia usinunue diski kubwa kupita kiasi. Pesa hiyo nunua ya pili. Mpiga picha wa Marekani Peter Krogh aliieneza kanuni ambayo mafundi wengi huifuata hadi leo: nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, na moja iwe nje ya nyumba. Kwako nyumbani tafsiri yake ni rahisi: faili kwenye kompyuta, diski moja kabatini, diski nyingine kwa dada yako au ofisini. Kila mwisho wa mwezi zibadilishane. Moto na wezi kwa kawaida huchukua nyumba moja kwa wakati.

Ikiwezekana, nunua hizo mbili kutoka maduka tofauti au kwa miezi tofauti. Zilizotoka pamoja kiwandani zinaweza kuwa na kasoro ile ile.

Fungu likiwa dogo, kuna njia nyingine. Laptopu ya zamani iliyokufa bodi huenda bado ina HDD nzima ndani. Itoe, nunua kava la USB la inchi 2.5 la SATA, iingize. Ipime kwa CrystalDiskInfo. Ikitoka safi, ifanye diski ya pili, lakini isiwe ya pekee.

Joto, unyevu na umri

Watengenezaji wengi wa HDD za mfukoni huandika nyuzi joto 35 kuwa kikomo cha kufanyia kazi. Dar es Salaam mwezi Februari mchana unapita nyuzi 30 kivulini, na ndani ya gari lililofungwa ni zaidi sana. Fanya bekapu usiku. Iweke diski mezani penye hewa, isilale juu ya godoro wala chini ya mto. Usiiache kwenye gari kamwe.

Kwa walio Mombasa, Tanga, Zanzibar na pwani yote, chumvi na unyevu hula matundu ya USB. Tumia kopo la plastiki lenye mfuniko unaobana, pamoja na vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Ikitoka kwenye chumba chenye kiyoyozi kikali, isubiri ipate joto la nje kabla ya kuichomeka.

Bandika karatasi juu yake yenye tarehe uliyoinunua. Ikifika mwaka wa tano, nunua mbadala hata kama inafanya kazi vizuri, ya zamani iwe ya ziada.

Ukisikia tiktik isiyokoma baada ya kubadilisha tundu na waya, au faili zikaanza kufunguka kwa shida, simama. Kama kompyuta bado ina kila kitu, nunua diski nyingine leo uanze upya. Kama vilivyomo humo havipo kwingine, usiiwashe tena na tena, usiifungue, usiiweke kwenye friza kama wanavyoshauri watu. Mpelekee mtaalamu wa kurejesha data ikiwa bado na nguvu.

Na mara moja kila baada ya miezi mitatu fanya jaribio. Chukua faili tatu kutoka kwenye diski: picha, video na waraka. Zirudishe kwenye kompyuta, zifungue. Watu wengi hugundua bekapu yao ilisimama miezi kumi iliyopita siku ile ile wanapoihitaji.

Kama bado huna pesa ya diski, usingoje. Usiku huu nakili folda ya picha na ya vyeti kwenye flashi yoyote uliyo nayo, uiweke mbali na kompyuta. Diski utainunua mwisho wa mwezi.